Kwikwi ya Chumba cha Saba

Juu ya duka la fundi vioo,
Ghorofa ya pili, mlango wa bluu.
Jumatatu, tarehe 2, saa nane mchana, mtoto amelala.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla hujasema lolote, nisamehe. Miezi mitatu mizima sijakuandikia, na kwenye simu nimekuwa nikikutupia "tuko salama" kama mtu anayelipa ushuru. Barua yako ilikaa juu ya kabati la vyombo ikinitazama kila nilipopita na ndoo ya nepi. Kila siku nilisema leo, na kila siku leo ilinishinda. Sina kisingizio cha maana zaidi ya huyu aliyelala hapa miguuni kwangu, na jambo ambalo nitakueleza.

Hujambo lakini? Mgongo umepoa au bado unalala ubavu mmoja? Shemeji naye vipi na ile presha, anakunywa dawa au mpaka umsimamie? Mapacha wanaendeleaje na shule, na je, yule mmoja bado anaficha mitihani chini ya godoro? Nijibu yote, usiniruke hata moja.

Sisi huku tunashukuru. Kibonge ametimiza miezi kumi, ana meno manne na anayafanyia majaribio begani kwangu. Mama mkwe miguu inamvimba asubuhi, ila ulimi wake haujawahi kuugua hata siku moja. Baba Kibonge mzima. Mimi nimechoka, Dada, sikufichi. Juzi nilisinzia wima kwenye sinki, mkono ndani ya povu, mpaka mama mkwe akafunga bomba na kuniambia, "Wewe, vyombo vimeshatakata tangu jana."

Barua hii inakuja kwa mkono wa jirani yangu nesi, anayesafiri kesho kutwa. Nimeona nisikupigie simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, nataka Shemeji naye aisome mwenyewe. Ya pili, simu yangu sasa ina watu zaidi ya mia mbili ndani yake, haina nafasi ya mtu kuongea kwa utulivu. Najua unachotafuta: Baba Kibonge anakuja au haji? Usiruke mistari kwenda chini kutafuta jibu. Nakujua.

Ile kazi ambayo Shemeji alimtafutia Baba Kibonge kwenye ghala la baridi, kazi ya umeme, mkataba wa miaka miwili, mwaka wa kwanza hakuna likizo, tuliipokea kwa mikono miwili. Hatukuidharau hata kidogo. Lakini Dada, wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza jinsi mapacha walivyomkimbia Shemeji aliporudi mara ile ya kwanza, wakajificha nyuma ya sketi yako, wakauliza yule mjomba ataondoka lini. Ulinisimulia unacheka, lakini mimi nilikuona. Sasa nilikuwa namtazama Kibonge nahesabu: akienda, atarudi mtoto anakimbia na kuongea, na baba yake ni picha ya ukutani.

Na upande wa pili kulikuwa na gemu. Najua uliandika, "Mwanaume mzima anacheza gemu, kazi ataanza lini?" Sikukasirika. Au nilikasirika siku mbili tu. Ngoja nikueleze maana sikuwahi kukueleza vizuri. Yeye hachezi, anaitengeneza. Miaka miwili sasa, kila akitoka karakana ya redio na simu anakaa kwenye kompyuta yake iliyofungwa gundi pembeni. Gemu inaitwa Fundi Masikio. Wewe unayecheza ni fundi katika jengo la zamani lenye vyumba vya kupanga. Unapita vyumba kwa zamu, unaweka sikio ukutani, unasikiliza: hapa bomba linavuja, hapa feni inakwaruza, pale soketi inanguruma. Ukijua ugonjwa ni nini, unatafuta ufunguo wa chumba na unatengeneza. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizwa. Ni masikio tu. Ndivyo anavyofanya kazi mwenyewe, anajua redio inaumwa wapi kabla hajaifungua.

Sehemu ya kwanza, yenye vyumba saba, ilikuwa imekaribia kwisha. Tulichokosa ni watu. Gemu isiyo na watu ni kama sebule yenye viti vipya na hakuna mgeni. Basi siku barua yako ilipofika tulikaa mezani, tukapatana. Ikiwa mpaka siku ya mwisho ya mwezi uliopita watu mia mbili watakuwa wameimaliza sehemu ya kwanza na kuagiza gemu kamili kabla haijatoka, anabaki na anaendelea. Wasipofika, anakuja kwenu, tena bila kununa. Mimi nilisema mia moja. Yeye akasema mia mbili, kwa sababu mia moja unaweza kuwabahatisha. Mama mkwe ndiye aliyekuwa shahidi, akaongeza sharti lake: "Na ndugu hawahesabiwi. Ndugu atasifu hata wali ulioungua."

Siku hiyo tulikuwa na watu kumi na mmoja. Nane kati yao ni ndugu.

Baba Kibonge alianza kwa kuandika matangazo kwenye mtandao. Dada, yale matangazo! "Mchezo bunifu wa kisasa wenye mazingira ya kuvutia." Nikamwambia, "Hata mimi mkeo nisingefungua hapo." Akaniambia, "Basi andika wewe." Alidhani ananikomesha. Nikamweka mtoto mgongoni, nikachukua simu, nikaandika hivi: Tunatengeneza gemu ya kusikiliza kuta. Haijakamilika na ina makosa. Tunatafuta watu watakaotuambia ukweli. Mimi ni mama wa nyumba hii, maswali yote niulizeni mimi.

Halafu ujumbe huo sikuupeleka kwa watu wa gemu. Niliupeleka kwenye makundi ya mafundi. Mafundi friji, mafundi cherehani, mafundi pikipiki, hata wasusi. Nilifikiri, hawa ndio watu wanaojua chombo kinachougua kwa kukisikia tu. Wiki moja, wakaingia thelathini na saba. Baba Kibonge alinitazama kama aliyenikuta naendesha lori.

Nikafungua kundi letu, nikaliita Wakazi wa Jengo. Nikanunua daftari kubwa. Kila anayeingia nilimwandika: anapenda kuitwa nani, anafanya kazi gani, amekwama chumba gani, nini kimemuudhi. Kila mtu nilimjibu kwa sauti yangu, Kibonge akinyonya, kwa sababu mikono yote miwili huwa ina kazi lakini mdomo uko huru. Sheria zangu zilikuwa chache. Usiniambie "nzuri sana", niambie ulipokwama. Matusi hapana. Mmoja aliandika "nzuri", nikamuuliza nzuri wapi, akajibu "nzuri kama sauti yako, Mama wa Nyumba." Nikamtoa mlangoni hapo hapo, wengine wakapiga makofi ya maandishi.

Watatu nitakutajia, maana bila wao nisingekuwa na cha kuandika. Kuna fundi pikipiki tunayemwita Spana, mtu wa maneno mengi, haamini kitu mpaka akibomoe kwanza. Kuna Msusi, ana saluni yenye mashine nne za kukaushia nywele, naye akikwama anapiga kelele kama kaungua. Na kuna Opereta. Huyu anapokea simu kwenye hospitali moja kubwa, na haoni tangu utotoni. Aliingia siku ya nne, akacheza vyumba vitatu haraka kuliko wote, kisha akanitumia sauti: "Mwambie bwana wako, gemu inaitwa Fundi Masikio lakini inanidai macho. Funguo zote amezipaka rangi. Mimi nyekundu naijulia wapi?"

Niliicheza ile sauti mezani wakati wa chakula. Baba Kibonge aliweka kijiko chini. Siku tatu baadaye kila ufunguo ukawa na mlio wake, mmoja unalia kama kengele, mwingine kama sarafu kwenye kopo, mwingine mzito kama wa geti. Opereta akasema, "Haya, sasa umeniita nyumbani." Na kusema kweli gemu ikawa bora kwa kila mtu. Spana alikiri kuwa anacheza akiwa amefumba macho, chini ya pikipiki ya mteja.

Sasa njoo kwenye kosa langu.

Chumba cha saba kilihitaji mlio wa friji. Baba Kibonge yuko karakana, akaniomba nirekodi friji ya mama mkwe, ile inayonguruma kama inameza mawe. Nikarekodi dakika tano. Kibonge alikuwa mgongoni, ametoka kunyonya kwa pupa, ana kwikwi. Dada, haki ya Mungu sikuisikia. Kwangu kwikwi ya Kibonge ni kama pumzi yangu mwenyewe. Cha kuchekesha ni kwamba Baba Kibonge naye, huyu mwenye gemu ya masikio, aliisikiliza ile rekodi, akaisafisha, akaiweka ndani, na hakuisikia. Sote wawili tulishaizoea.

Aliyeisikia ni Opereta. "Mama wa Nyumba, nani ana kwikwi chumba cha saba?"

Nikamjibu, "Chumba cha saba kuna friji peke yake."

"Basi friji yako imenyonya haraka haraka."

Nikadhani anatania, nikaendelea na kufua. Nilipoishika simu tena, kundi lilikuwa linawaka moto. Msusi ameisikia. Spana ameisikia, amekaa chumba cha saba saa nzima anagonga ukuta mmoja mmoja. Kila mtu ana maelezo yake. Spana alisema kuna fundi wa zamani amefungiwa nyuma ya friji. Msusi akasema hapana, ni mtoto, mpangaji amemficha kwa sababu mwenye nyumba hataki watoto. Mwingine akasema ni alama, ukihesabu kwikwi unapata namba ya mlango wa siri. Wakaanza kuhesabu! Wakaleta marafiki zao wahesabu nao. Watu waliingia kwa makundi, sitini, tisini, mia na sabini, na wengi wakishafika chumba cha saba walikuwa wanaagiza gemu kamili ili wasipitwe na siri.

Baba Kibonge alirudi nikamwambia avae vile vya masikioni asikilize. Akasikiliza. Akamtazama Kibonge aliyekuwa anatambaa chini ya meza. Akasikiliza tena. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu kicheko kikakatika, nami nikajua anafikiria nini.

"Tukae kimya," akasema. "Waache watafute."

"Watafute nini? Hakuna kitu."

"Mama Kibonge, zimebaki siku kumi. Ni siku kumi au miaka miwili."

Si kwamba ni mtu mwongo, unamjua. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Lakini nilikuwa nimewaambia watu wale waniambie ukweli hata ukiuma, na waliniambia, na mara mbili nililia chooni kwa walivyoniambia. Nitawafichaje mimi? Wangemaliza kuhesabu siku moja, wakakuta hakuna mlango, wakajua tuliwatazama wakihangaika. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi, hakutunyanyulia hata macho. Akamwambia mwanawe, "Wewe tangu mdogo ukidanganya masikio yanakuwa mekundu. Usimpe mkeo kazi ya kukuvalisha kofia."

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikawarekodia. Nakuandikia nilivyosema, maana nimeyakariri: "Wakazi, nisikilizeni. Chumba cha saba hakuna siri. Ile kwikwi ni ya mwanangu, nilikuwa nimembeba wakati narekodi friji. Ni uzembe wangu. Aliyeagiza kwa ajili ya siri na sasa anataka kujitoa, aniambie, nitamfuta kwenye orodha bila kinyongo. Nawaomba radhi." Nikaituma kabla mkono haujageuka.

Wakaanza kutoka. Ishirini na sita walijitoa siku ile, mmoja akaacha maneno haya: "Tumechezewa na mtoto mchanga." Tukabaki na waagizaji mia na kumi na nane, zimebaki siku tisa. Asubuhi yake nilimkuta Baba Kibonge amelishusha begi la safari kutoka juu ya kabati, analifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Nilimpa chai.

Mchana wakati wa mapumziko yake ya kazi, Opereta akatuma sauti. Nyuma yake unasikia simu za hospitali zinaita. "Mama wa Nyumba, nimelifikiria jambo lako. Mtoto yupo. Kwikwi ipo. Chumba kipo. Kinachokosekana ni mlango tu. Sasa mnatunyima mlango kwa nini?"

Spana akadakia, "Ndiyo! Mwekeni mtoto ndani. Nimegonga kuta saa nzima, nawadai mtoto wangu."

Msusi: "Halafu tumtulize. Mtoto wa watu ana kwikwi wiki ya pili hii."

Hapo ndipo wakaanza kubishana, Dada, ubishi wa raha ambao sijawahi kuuona. Mtoto mwenye kwikwi anatulizwa na mlio gani? Msusi akaapa kwamba ni mashine ya kukausha nywele, wanawe watatu wamelelewa chini yake. Spana akasema pikipiki iliyowashwa ikatulia. Opereta akasema simu inayoita mbali, chumba cha tatu. Bibi mmoja mshona mapazia akasema cherehani ya mguu, na mwenye la kupinga apinge. Nikawaambia, "Msinipigie domo. Rekodini, mniletee."

Wakaleta. Siku tatu, sauti mia na sitini na nne kutoka majumbani mwao. Mabomba, feni, mashine za kufulia, milango isiyotiwa grisi, mvua kwenye bati, birika. Nilizisikiliza zote huku napiga pasi, nikaziandika daftarini moja moja na jina la mwenyewe. Baba Kibonge akamwomba mwenye karakana ruhusa ya siku nne. Mwenye karakana akauliza ni ya ugonjwa au msiba. Akajibu ni ya mtoto. Masikio hayakuwa mekundu.

Alijenga mlango nyuma ya friji ya chumba cha saba. Ukiufungua kuna chumba kidogo chenye giza, na kwikwi. Huwezi kuendelea mpaka umtulize. Unarudi vyumba vyote unatafuta mlio wa kumletea, na milio yenyewe ndiyo ile ya wakazi wetu, imepandwa ndani ya kuta za jengo zima. Ukipatia, kwikwi inapungua, inapungua, halafu unasikia mtoto anapumua usingizini. Basi. Hiyo pumzi niliirekodi mimi, safari hii kwa makusudi. Mwishoni yanapita majina yote ya walioleta sauti, na Opereta amehakikisha kwamba yanasomwa pia kwa sauti.

Hatukutangaza mahali popote. Hatukuhitaji. Kila mtu alitaka jirani yake asikie bomba lake limo ndani ya gemu. Yule mshona mapazia aliwaita wateja wake wote: njooni msikie cherehani yangu. Spana akawa harudishi pikipiki ya mtu mpaka mwenyewe akae amalize chumba cha saba. Opereta akaleta wenzake aliosoma nao, wengi wao hawaoni, na wale watu, Dada, hawachezi, wanapita kwenye gemu kama moto kwenye nyasi. Hata kati ya wale ishirini na sita, kumi na saba walirudi. Niliwapokea bila kuwauliza walikokuwa. Yule wa "mtoto mchanga" nilimuuliza kidogo.

Ikaja siku ya mwisho. Saa nne asubuhi tulikuwa na mia na tisini na nane. Saa sita, mia na tisini na nane. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Baba Kibonge alikuwa anatengeneza redio ya jirani na ameishika bisibisi kichwa chini. Mama mkwe akasema, "Ningekuwa na simu ya pili ningejiandikisha kwa jina la paka," nikamkumbusha sharti ni lake mwenyewe. Saa nane na dakika chache namba ikaruka. Haikusogea, iliruka: mia mbili na mbili. Wanne kwa mpigo! Nilidhani kompyuta imeharibika. Kumbe Msusi alikuwa amewakalisha wateja wanne chini ya mashine zake tangu asubuhi, kila mmoja na simu yake, akawaambia hakuna nywele zinazokauka hapa mpaka mtoto alale. Akatutumia sauti yao, wanawake wanne wanapiga vigelegele na mashine zinavuma. Baba Kibonge akaniinua juu mimi na mtoto pamoja, Kibonge akashtuka, na nini kikamshika? Kwikwi.

Jioni ya siku ile tulifunga na mia mbili thelathini na mmoja.

Basi Dada, haji. Nimekufikisha kwenye jibu. Mwambie Shemeji kwa heshima zote: alimtafutia mume wangu kazi kama anavyomtafutia mdogo wake wa tumbo moja, na hilo sitalisahau. Lakini haji mwezi huu, na msimuwekee nafasi. Asubuhi anaendelea na karakana, mchana anajenga sehemu ya pili, na zile oda zitatushikilia mpaka itoke. Sikwambii tumetajirika. Nakwambia tunakula, kodi inalipwa, na baba yuko nyumbani. Ulichoniandikia kuhusu mtu mzima na gemu nimekusamehe, ila naomba usikirudie mbele ya watoto.

Na jambo moja la mwisho ambalo sijamwambia mtu. Nilipoacha shule ulilia kuliko mimi, ukasema nimezaliwa na akili ya kuongoza watu na nimekwenda kuizika kwenye beseni. Juzi Baba Kibonge amepanga majina ya waliotengeneza gemu. La kwanza ni lake. La pili nimeandikwa mimi, na kazi yangu imeandikwa: mlezi wa wakazi. Nilikuwa nimeshika beseni wakati nalisoma.

Nisalimie Shemeji sana, na mapacha wote wawili, yule mwenye mitihani umfinye sikio kwa niaba yangu. Msalimie mama mdogo akija kukutembelea, na umwambie yale mashuka aliyoshona ndiyo anayolalia Kibonge. Mama mkwe anakusalimu, anasema uache kulalia ubavu mmoja, ulale chali. Mungu akulindie nyumba yako, awape usingizi mzuri na masikio ya kusikiana, nami huku nawaombea hivyo kila ninapomlaza huyu.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata unaponikaripia,

Mama Kibonge.

Nyongeza. Nesi anarudi tarehe kumi na nane, na amekubali kunibebea bahasha moja isiyo nzito. Niwekee zile karatasi tulizomtumia Shemeji kwa ajili ya kazi, zote, usibakize hata moja: cheti cha ufundi umeme cha Baba Kibonge, kile halisi chenye muhuri, si kivuli chake. Cheti chake cha kuzaliwa. Karatasi ya daktari ya vipimo vya kifua. Picha zake ndogo nane, hata zile mbili alizofumba macho. Barua ya mwenye karakana ya kumsifu, mwenyewe ameidai. Na ule mkataba wenye sahihi ya upande mmoja. Huo usiukunje. Nyuma ni peupe, na Baba Kibonge anahitaji karatasi kubwa ya kuchorea vyumba vya sehemu ya pili.